Ndiyo Nyingi za Mwaloni

Kwa majuma kadhaa nilikosa usingizi kwa sababu ya jambo ambalo mtafiti mwingine angelifanyia sherehe: kila mtu alinikubalia. Niliuliza, wakasema ndiyo. Niligeuza swali, wakasema ndiyo. Ofisini walinipongeza, na mimi nilikuwa nikilala macho makavu nikijiuliza inawezekanaje watu wazima, wenye mitumbwi yao, ugomvi wao na hasira zao, wakubaliane wote bila hata mmoja kunitukana.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi katika kitengo chetu. Mkataba wangu umekwisha, kitambulisho nimekirudisha, na desturi ya kitengo ni kwamba anayeondoka huwaachia wanaoingia maelezo ya namna kazi ilivyofanywa wakati wake. Najua sina mvi. Lakini katika miradi kama yetu, ambako watu hubadilika kabla hujajua nani anakunywa chai bila sukari, aliyemaliza mkataba mzima huitwa mzee, na mimi nimeupokea uzee huo kwa mikono miwili.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini, kule Kisugu, kabla ya mlinzi kufungua geti. Njia nzima nilikuwa nimejiandalia majibu ya maswali ambayo baadaye hakuna aliyeniuliza. Mradi wetu ulihusu mazalia ya samaki, yaani sehemu za maji wanakotagia na kukulia wakiwa wadogo. Matawi yake mengine yalikuwa pwani, kwenye bahari yenyewe. Letu lilikuwa la ziwa. Wataalamu wa samaki walikuwa wengi na walikuwa na vifaa vya kuonea wivu: darubini, nyavu za kupimia, chombo cha kusoma kina cha maji. Kitengo cha Sayansi ya Jamii kilikuwa na chumba kimoja, meza mbili na dirisha lisilofungika.

Mratibu wa Mradi, yeye mwenyewe mtaalamu wa samaki, alinikuta koridoni nimeshika bahasha yangu ya vyeti kama mtu aliyepotea hospitalini.

"Wewe ndiye yule wa kuongea na watu?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mratibu. Neema."

"Vizuri sana. Samaki nimeshaongea nao mimi."

Alicheka, akaenda zake. Jioni ile nilitafakari sentensi hiyo mpaka chakula kikapoa. Alikuwa amenikaribisha, au alikuwa ameniambia kazi muhimu imekwisha?

Jibu nilipewa kesho yake na Mkuu wa Kitengo, ambaye sote tulimwita Daktari. Alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, na hakuwahi kunisifu mbele ya watu. Alinikalisha kwenye meza ya pili, akasema: "Neema, ziwa halifungwi kwa kamba. Bahari pia. Kinachofungwa ni mkono wa mtu, na mkono wa mtu una sababu zake. Hao wenye darubini watakuambia samaki anataga wapi. Hawawezi kukuambia nani atalala njaa akizuiwa kufika hapo, wala nani atavunja sheria, na kwa nini. Hiyo ndiyo kazi yako. Ukiifanya vibaya, sheria itabaki ubaoni na samaki wataisha." Maneno hayo ninayo mpaka leo, na kila mtu anaponiuliza msomi wa jamii anafanya nini kwenye maji, namjibu hivyo hivyo.

Niliajiriwa, lazima niseme, kwa ajili ya Kiswahili. Wazazi wangu walitoka Bukavu, mimi nimekulia Kansanga, mtaa wa jijini ambako mama anauza vitenge. Nyumbani tuliongea Kiswahili chetu cha Kongo, shuleni nikajifunza kile cha vitabu, na Kiluganda nilikiokota barabarani kama watoto wote wa mtaa. Mradi ulitaka mtu wa Kiswahili kwa sababu hojaji ilikuwa imetungwa pwani. Hojaji ni mpangilio wa maswali ambao kila mtu huulizwa kwa maneno yale yale, ili majibu ya sehemu moja yalinganishwe na ya nyingine. Kule baharini ilikuwa imefanya kazi vizuri mno. Basi ikaonekana busara kuitumia kwetu vilevile, hasa kwa kuwa kwenye mwalo mmoja utakuta Waganda, Wasoga, Wasamia, Wajaluo na Wakongomani, na hakuna aliyetaka kutafsiri mara tano.

Nilipomweleza mama kazi yangu mpya aliacha kukunja kitenge.

"Hiyo kazi ya kuuliza batu maulizo, banalipaka kweli?"

"Wanalipa, mama."

"Basi uulize vizuri. Na usibakasirishe."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ghala la samaki wakavu karibu na bandari ya Port Bell. Kabla ya kuanza utafiti wenyewe, hojaji hujaribiwa kwa watu wachache, kuona kama maswali yanaeleweka. Hilo huitwa jaribio la awali. Nililifanya kwa akina mama wa Kikongomani wanaonunua magunia ya mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kuyapeleka kwao mashariki mwa Kongo. Walinivuruga! Nilipouliza swali la kwanza waliniuliza matatu. Mmoja aliniambia maswali yangu ni ya mtu asiyekuwa na watoto. Mwingine alibishana na mwenzake mpaka wakanisahau. Nilirudi ofisini nimechoka na nimefurahi, na Daktari akaandika kwamba hojaji inafaa.

Ndipo nikapelekwa mwaloni. Mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa. Ni bandari, soko na baraza kwa pamoja. Ule wetu uko kwenye ghuba ndogo yenye matete, na jina lake sitalitaja kwa sababu niliwaahidi wenyewe. Wataalamu wa samaki walikuwa wamegundua kwamba matete yale ni mazalia muhimu. Mpango ulikuwa kuifunga ghuba yote mwaka mzima, pamoja na ufuko wake, ambako akina mama huanika mukene juu ya nyavu kuukuu. Kilichobaki ilikuwa kujua kama wenyeji wanakubali. Wakikubali, wahamishwe kwa amani. Wakikataa, mpango uangaliwe upya. Neno langu, kwa kifupi, ndilo lingeamua.

Na wote walikubali. Niliwauliza wavuvi, wachukuzi, wenye injini. Niliuliza hata akina mama waanikaji, wakiwemo waliokuwa wamesimama juu ya mchanga uleule uliokuwa ukizungumziwa. Mmoja wao alikuwa Nnalongo, mama wa mapacha kama jina hilo linavyosema, ambaye sehemu yake ya kuanikia aliachiwa na mama mkwe wake. Aliinuka aliponiona nakuja, akafuta mikono, akajibu kila swali kwa sauti ya mtoto wa shule. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Mratibu alifurahi. "Unaona?" alimwambia Daktari. "Watu wanaelewa sayansi wakielezwa." Kikao cha matawi yote kilipangwa, nami ndiye ningewasilisha matokeo.

Siku niliyorudi kumalizia wavuvi waliobaki nilimkuta mzee mmoja aitwaye Kaggwa, mwenye mtumbwi mmoja na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata juani. Alisimama kunijibu. Wote walikuwa wakisimama, na mimi nilikuwa nimelichukulia hilo kama adabu.

"Mzee, unakubali ghuba hii ifungwe mwaka mzima?"

"Mimi nakubari, afande."

Ndani ya hojaji kuna swali la kinyume. Ni lile lile la kwanza limegeuzwa, linawekwa mbali kidogo ili kuona kama mtu anajibu anachofikiri au anajibu tu. Wengine pia walikuwa wamelijibu ndiyo, lakini ofisini walihesabu lile la kwanza tu. Nililifikia.

"Unakubali ghuba hii iachwe wazi, kila mtu avue anavyotaka?"

"Nakubari."

Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa afande. Nikatabasamu, nikatania: "Basi unakubali pia nikusukume majini na hiyo kofia yako?"

Mzee Kaggwa aliyatazama maji. Akavua kofia. Kisha akatoa simu mfukoni, akampa jirani yake aishike.

"Kama ni amri, afande, mimi nakubari."

Hakucheka. Jirani yake hakucheka. Alikuwa amesimama pale, kichwa wazi, akinisubiri.

Niliomba msamaha kwa Kiswahili chote ninachokijua na nikarudi kwenye gari.

Sasa, wale mtakaoulizia habari zangu mtaambiwa kwamba mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi, na ni kweli. Niliorodhesha kichwani kila kitu kinachoweza kumfanya mtu anione askari. Koti la mradi lilikuwa na rangi ya majani makavu: nililivua. Watu wakaendelea kusema ndiyo. Viatu vyangu vilikuwa buti: nikavaa kandambili. Ndiyo. Gari lilikuwa jeupe, lenye antena ndefu: nikamwomba Farajala, dereva wetu, aliache barabarani, tukashuka kwa miguu.

Farajala ni Mnubi wa Bombo, babu yake alikuwa askari wa zamani, Kiswahili ndicho anachoongea na kila mtu, na hakuna siku aliyonihurumia.

"Dada, jana viatu, leo gari. Kesho utakuja umevaa shuka?"

"Kama itasaidia."

"Wewe unafikiri hata kabla ya kupumua. Watu wamekubali, furahi! Mimi kila nikija hapa kununua maji ya kunywa wananipisha mbele. Nafungua tu mdomo, foleni inafunguka. Umeniona nikikosa usingizi?"

"Wanakupisha? Kwa nini?"

"Nilidhani ni sura yangu," alisema, akajitazama kwenye kioo cha simu.

Nilisimama njiani. Nilikuwa nimebadilisha koti, viatu na gari. Kitu kimoja sikuwa nimekibadilisha, kwa sababu hakikuwahi kunijia akilini kwamba kinavaliwa. Kule Port Bell, nilipotukanwa na kubishiwa, akina mama wale walikuwa wakisikia lugha ya nyumbani kwao. Hapa mwaloni watu wengi walikuwa wameisikia lugha ileile kwa nani? Kwa watu wa doria, wenye kuamuru mitumbwi isimame. Kwa polisi kizuizini. Hojaji yetu ilitungwa mahali ambapo Kiswahili ndicho mama anachombembelezea mtoto. Tuliibeba mpaka kwenye ziwa ambako ukisemeshwa Kiswahili na mgeni, unasimama, unavua kofia, unakubali.

Wazo hilo lilinitisha kuliko yote, kwa kuwa lilinigusa mimi. Ile ndiyo lugha niliyoajiriwa kwayo. Ndiyo lugha ya mama yangu. Nikajiambia labda nimezidisha, kama kawaida yangu. Basi nilifanya kile tulichofundishwa: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Nilivaa tena koti na buti, Farajala akaliegesha gari palepale pa zamani, nikaenda moja kwa moja kwa Nnalongo, nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na nikamwamkia kwa Kiluganda.

Alikuwa akigeuza mukene kwa ufagio. Ufagio ulisimama hewani.

"Kumbe unaweza kusema kama mtu!"

"Nimekulia Kansanga, Nnalongo."

"Kansanga! Na unatutesa hapa siku zote na ile lugha ya watu wa doria?" Aliwaita wenzake. "Njooni mwone, afande wetu ni mtoto wa Kansanga!"

Walikuja wakicheka, mmoja akaniuliza kama nimeolewa, mwingine akajibu kwa niaba yangu kwamba kwa buti zile haiwezekani. Nilingoja kicheko kitulie, nikauliza swali langu lile lile: je, anakubali ghuba ifungwe mwaka mzima, na wao waondoke ufukoni?

"Nani amekubali?" Nnalongo alinitolea macho.

"Wewe. Ulinijibu wewe mwenyewe."

"Nilikujibu wewe au nilijibu bunduki?"

"Sikuwa na bunduki, Nnalongo."

"Lakini ulisema kama mwenye nayo. Mwenye bunduki akisema toka, tunatoka, halafu akienda zake tunarudi. Hivi ndivyo ingekuwa. Wanangu wawili wamesomeshwa na mchanga huu. Nyinyi mngefunga, mimi ningesema ndiyo, na alfajiri ningekuwa hapahapa."

Hapo nilielewa kwamba ndiyo zangu zote zingemwondoa yeye kwenye ufuko wake na bado zisingemwokoa samaki hata mmoja. Ghuba ingefungwa kwenye ramani tu.

Nilimpelekea Daktari habari hiyo asubuhi ya siku iliyofuata. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Umejaribu kuvua koti?"

"Nimejaribu."

"Viatu? Gari?"

"Vyote, Daktari. Kisha nikavirudisha vyote, nikabadilisha lugha tu."

Aliweka kalamu chini. "Hojaji hii niliipitisha mimi. Lakini aliyekuwa mwaloni ni wewe. Mimi nikiwaambia itakuwa maoni. Wewe ukiwaambia itakuwa ushahidi. Kikao ni chako." Halafu akaongeza, na hii ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake: "Wengine wangeondoka na pongezi."

Sikuwa na uhakika. Mkataba wangu ulifungamana na ripoti ile. Ripoti ikichelewa, hakuna aliyeweza kuniahidi kwamba ningekuwepo kuimaliza. Na kama nilikosea je? Kama akina mama walikuwa wakinitania tu? Nilipanda ngazi za ukumbi siku ya kikao nikiwa na mawasilisho mawili: moja la kusema watu wamekubali, jingine la kusema hatujui. Nilipokaa kitini bado sikuwa nimechagua.

Watu wa matawi ya pwani walikuwa kwenye skrini. Mratibu alinitambulisha kwa fahari ya kweli, maana alikuwa mtu mwema aliyekuwa na haraka. "Karibu, binti. Tupe habari njema."

Nilisimama. Akilini nilimwona mzee Kaggwa akimkabidhi jirani simu yake, na mkono wangu ukafungua wasilisho la pili.

"Mratibu, ndiyo hizi nimezikusanya mimi, na ninaziondoa. Si majibu. Ni utii."

Nilieleza yote, na kofia ya mzee nikaitaja. Mwenzetu mmoja wa pwani alishtuka. "Lakini Kiswahili ni lugha ya wananchi, dada Neema!"

"Kwenu, kaka, ndiyo. Kwetu nyumbani pia. Mwaloni ni lugha ya amri. Mlichouliza baharini kilikuwa swali. Nilipokiuliza mimi ziwani, kwa maneno yaleyale, kiligeuka kuwa amri."

"Unataka nitupe kazi yote?" Mratibu aliuliza. Hakuwa akitania sasa.

"Nataka nirudi, nikae chini, niulize kwa lugha ambayo mtu anaweza kunikatalia. Akikataa, tutajua tunaanzia wapi. Ukifunga ghuba kwa ndiyo hizi, utakuwa umeongea na samaki peke yao."

Daktari alikohoa kuficha kicheko. Mratibu aliwatazama wale wa kwenye skrini, na akafunga faili lake taratibu. "Rudi," alisema. "Lakini uharakishe."

Nimefanya mambo mengi baada ya siku ile, na mtayakuta kwenye ripoti: majadiliano ya vikundi tuliyoyaendesha kwa lugha za watu, na mpango ambao wenyeji walibishana juu yake mpaka ukawa wao, unaoacha ufuko wa kuanikia na kulinda matete. Najivunia hayo yote. Najivunia hata ile tabia yangu ya kutopata usingizi, ambayo nilikuwa nikidhani ni ugonjwa na kumbe katika kazi hii ni chombo, kama darubini ilivyo kwa wengine. Lakini nikiulizwa nilianza kazi lini, siitaji ile siku ya geti la Kisugu. Naitaja siku iliyofuata kikao.

Asubuhi ile nilishuka mwaloni na kigoda chini ya kwapa. Mzee Kaggwa alikuwa akishona wavu. Aliponiona alianza kuinuka, mkono ukienda kwenye kofia. Nikamwahi: niliweka kigoda, nikaketi chini kuliko yeye, nikamwamkia kwa Kiluganda nikimwita ssebo, yaani bwana, na kumwomba abaki na kofia yake kichwani. Kisha nikamuuliza kama anakubali ghuba ifungwe mwaka mzima.

Alinitazama, akatazama kigoda, akautazama wavu wake. Akaketi tena.

"Nedda," alisema.

Hapana. Ilikuwa hapana ya kwanza tangu niajiriwe. Nilimwomba anieleze kwa nini, na akasogea kunipisha kivulini.